Ngazi ya mlango wa trela: ya kukunja, ya kusimama ardhini au ya umeme?

BabaNuru (Minnesota)
Wakuu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa hela. Trela yetu, ile nyumba ya safari inayovutwa na gari, ni ya futi 24, ya mwaka 2012, na ngazi ya mlangoni ni ileile iliyotoka nayo kiwandani: vipandio viwili vya chuma vinavyokunjwa na kusukumwa chini ya sakafu. Mama yangu mzazi amekuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka 71 na goti la kulia linamsumbua. Jumamosi iliyopita tulikuwa ziwani. Alipokanyaga kipandio cha chini kikainama kwa mbele, akashika mlango, mlango ukazidi kufunguka, akaserereka hadi chini. Hakuvunjika popote, alhamdulillahi, ila paja limevilia damu, na tangu siku hiyo haingii mpaka ashikwe mikono yote miwili. Sasa anasema safari ya Ziwa Itasca twende sisi, yeye tumwache nyumbani. Hilo sikubali. Tangu nilipomtumia picha ya pale Mississippi inapoanzia, watu wakiuvuka mto mkubwa namna ile kwa kukanyaga mawe, amekuwa akiulizia siku ya kwenda.

Vipimo ni hivi: kutoka ardhini hadi kizingiti inchi 31. Kutoka ardhini hadi kipandio cha kwanza 13, halafu 9, halafu 9. Ribiti zimelegea, na ukitikisa kwa mkono ngazi nzima inacheza. Nafikiria kununua nyingine ya kukunja kama hii, au zile pana zinazokunjwa ndani ya mlango na kusimama ardhini kwa miguu yake, au ya umeme. Walio nazo, mnazionaje?

MamaTano (Ontario)
Pole sana kaka, na mama mpe pole zetu. Mimi sikuzungushi: chukua ya kusimama ardhini. Yangu ina miaka minne sasa. Ile ya kukunja imening'inia kwenye trela, kwa hiyo kila unapopanda unaivuta trela upande wako, na aliyelala ndani anaamka. Hii uzito unashuka moja kwa moja ardhini. Baba mkwe wangu ni mtu mzito, na siku ya kwanza alisimama pale katikati ya ngazi akaniambia, "Hii sasa ni ngazi ya nyumba."

FundiWaHouston
Mfikishie mama shikamoo yangu.

Kabla ya kuchagua, mkuu, lala chini ya trela na tochi. Watu wengi wanabadilisha ngazi wakati mgonjwa si ngazi. Ile ya kukunja imefungwa kwenye vyuma vya pembe vilivyochomelewa kwenye fremu, na mara nyingi vyuma hivyo ni vyembamba. Mtu akikanyaga ukingo wa kipandio cha chini, anavisokota. Mwishowe chuma kinapinda au welding inapasuka, na ukifunga ngazi mpya juu yake itacheza kama ya zamani ndani ya msimu mmoja.

Mwambie mtu asimame kwenye kipandio wakati wewe unatazama huku chini. Kikitembea chuma cha juu, shida ni fremu. Kikitulia cha juu na kutembea cha chini, basi ribiti na matundu yake yamelika. La kwanza dawa yake ni kuongeza kipande cha chuma cha pembe kinachounganisha pande mbili na kuchomelea vizuri. La pili, badilisha ngazi tu. Bolti mbovu zinakatwa kwa grainda, mpya zinaingia, kazi ya asubuhi moja.

Kwa bajeti ndogo: mpya ya kukunja yenye vipandio vitatu, na jeki ndogo ya skrubu chini ya kipandio cha chini kila unapopaki. Hiyo jeki pekee inaondoa sehemu kubwa ya kuchezacheza.

MzeeWaCalgary
Nitasema kinyume na MamaTano, kwa heshima zote. Ninayo ya kusimama ardhini na kuna siku inanichosha. Unaposafiri inakuwa imesimama wima mlangoni, imeziba njia. Ukisimama kando ya barabara kuchukua chupa ya maji tu, lazima uifungue yote, uishushe, upande, ushuke, uipandishe tena. Kama mlikuwa mmepaki kwenye tope, tope lote linaingia nanyi ndani, maana ngazi inakunjwa na uchafu wake hadi sakafuni. Mimi natembea na brashi na ndoo kwa ajili hiyo. Na yangu ni ya chuma, nzito. Mke wangu hawezi kuiinua peke yake.

Sikatai kwamba ni imara. Ni imara kweli. Lakini anayehama kila siku na anayekaa mahali wiki nzima hawahitaji kitu kimoja.

MamaTano (Ontario)
Mzee wangu, la tope nakubali. La uzito, zipo za alumini, na zipo zenye bomba la gesi linalosaidia kuinua. Yangu naiinua kwa mkono mmoja.

KijanaWaElkhart
Nafanya kazi kiwandani hapa Elkhart, Indiana, mji ambao trela nyingi za Marekani zinatoka huku na viunga vyake. Ngazi hizi za kusimama ardhini nazo nyingi ni za hapahapa: SolidStep ya Lippert na StepAbove ya MORryde. GlowStep ya Torklift inatoka Kent, jimbo la Washington. Sitaki kubishania ipi bora, zote zinafanya kazi. Ninachotaka uelewe ni jinsi ya kupima, maana hapo ndipo watu wanaponunua mara mbili.

Kwanza upana. Pima uwazi wa mlango wenyewe, mlango ukiwa wazi, kutoka chuma hadi chuma. Usipime jani la mlango. Tofauti ya inchi mbili inatosha ngazi isiingie.

Pili, nafasi ya ndani. Ngazi iliyokunjwa inasimama wima nyuma ya mlango. Je, kuna kabati, jiko au kona ya kochi itakayoigonga? Na mlango wa wavu, kitasa chake kinatokeza ndani kiasi gani?

Tatu, kimo. Inchi zako 31 zinataka vipandio vitatu. Kwa nyingi, nafasi kati ya kipandio na kipandio haibadiliki, ni kama inchi 8, na unachorekebisha ni miguu ya chini. Kwa hiyo mama atapanda mara nne, kila mara takriban inchi 8. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinataka kipandio kisizidi inchi 7 na robo tatu. Uko karibu sana na hapo. Ile 13 ya sasa ndiyo iliyomwangusha, kaka. Hata ngazi isingecheza, goti bovu halipandi inchi 13.

Nne, na hili usiliruke: ya kukunja imefungwa kwenye fremu, hii mara nyingi inafungwa kwenye sakafu ya mlangoni. Sakafu ikiwa imeoza, skrubu hazina pa kushika.

Msafiri_Leeds
Huku Uingereza karavani nyingi hazina ngazi ya kufungwa kabisa. Zimekaa chini, mtu anaweka kijukwaa cha plastiki mbele ya mlango, basi. Kwa inchi 31 hakitoshi, lakini wazo la kipandio kinachojitegemea lisidharauliwe. Kijukwaa kipana cha alumini chini ya ngazi yako ya zamani kinaikata ile 13 ikawa mbili. Mama akisimama na miguu yote miwili juu yake kabla ya kupanda, ni tofauti kubwa.

DadaWaKansas
Ya umeme tulikuwa nayo kwenye nyumba-gari, siyo trela. Unafungua mlango, sumaku na swichi vinaiambia itoke, ukifunga inarudi. Raha sana mikono ikiwa imejaa vyombo. Lakini bado imening'inia, haigusi ardhi, kwa hiyo kwa goti la mama haiongezi kitu. Inakula betri, na mota iko chini kabisa inapopigwa na maji, mchanga na chumvi ya barabarani. Ya kwetu iligoma kurudi mbele ya kituo cha mafuta, mume wangu akaingia chini kuchomoa pini ili aisukume kwa mkono. Na ukiacha swichi imewaka, mtu mzima amesimama juu yake na mwingine akavuta mlango, inaanza kujikunja. Kwa mzee, mimi siiweki.

BabaNuru (Minnesota)
Mama anasema marahaba, na ameomba nimsomee majibu yote.

Fundi, nimelala chini jana na mke wangu akasimama kwenye ngazi. Chuma cha juu kimetulia, kinachocheza ni ribiti. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kununua ya kukunja ya vipandio vitatu. Halafu nikakumbuka maneno ya KijanaWaElkhart kuhusu sakafu, nikachoma plaiwudi ya kizingiti kwa bisibisi. Kona ya kushoto imeingia kama nachoma mkate. Maji yamekuwa yakipenya chini ya fremu ya mlango sijui tangu lini. Sasa hata nisipoweka ngazi ya ndani, lazima nitengeneze. Nikishatengeneza, naona bora niweke ile ya kusimama ardhini. Nakosea?

FundiWaHouston
Hukosei. Ila usifunike uozo. Kata hadi ufike kwenye mbao kavu, ngumu, na uzidishe inchi chache. Tafuta maji yanapoingilia kabla ya kurudisha chochote, vinginevyo mwakani utakata tena. Plaiwudi mpya iwe na unene uleule wa sakafu yako, na chini yake weka kipande cha kuibeba pande zote ulizokata. Ngazi ifunge kwa bolti zinazopita chini kabisa, na washa pana (vile vibati vya duara vya chini ya nati), usitegemee skrubu za mbao peke yake. Kila tundu utie utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata, kuzuia maji.

Kwenye viungo vya ngazi usipake grisi. Inashika vumbi na kuwa kama msasa. Tumia silikoni kavu ya kupuliza.

MzeeWaCalgary
Kwa mama, baba, hata mimi ningeweka hiyo, nimeona vipimo vyako. Ongeza kitu kimoja: mkono wa kushikia, ule mkubwa unaokunjwa ubavuni. Mlango haushikiki, ndio uliomwachia. Lakini usiufunge kwenye bati tupu. Gonga ukuta usikilize panaposikika pazito, kuna mbao nyuma yake. Na kila asubuhi angalia miguu ya ngazi. Trela ikishuka kidogo usiku, uzito unahamia kwenye fremu ya mlango, urekebishe pini.

BabaNuru (Minnesota)
Mrejesho, wiki tatu baadaye.

Uozo ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, nimekata kipande cha futi mbili kwa moja na nusu. Maji yalikuwa yanaingilia kona ya chini ya mlango, silikoni ya zamani ilikuwa imeachia. Ngazi ni ya alumini, vipandio vitatu, yenye bomba la gesi. Mkono wa kushikia nimeuweka upande wa kulia ili goti bovu lisibebe mzigo peke yake. Niliweka pima maji kwenye kila kipandio kabla ya kumwita mama. Akashika chuma, akapanda, akageuka, akashuka, akapanda tena bila kuniangalia. Ametaka zulia dogo kwenye kipandio cha juu, nimemkatalia kwa sababu ya utelezi, tumekubaliana utepe wa mchanga wa kuzuia kuteleza.

Tatizo lililobaki: kitasa cha mlango wa wavu kinagusa kipandio cha juu ngazi ikiwa imekunjwa, nusu inchi hivi. Kuna kitasa bapa kinachouzwa, au nikikate hiki?

KijanaWaElkhart
Kipo, chembamba, kina matundu yaleyale mawili. Pima umbali kati ya skrubu zake kwanza. Mnaondoka lini Itasca?

BabaNuru (Minnesota)
Ijumaa. Mama ameshafunga begi.