Ushuru wa soda: utozwe kwa lita au kwa gramu za sukari?

Afisa Lishe

Salaam kwenu nyote. Ninafanya kazi ya lishe katika halmashauri moja ya Tanzania Bara, na nimetakiwa kuandaa andiko kuhusu hatua za kupunguza uzito uliozidi, kiribatumbo (unene uliokithiri), kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu. Kwa miaka mingi tumetegemea elimu kwa umma: mabango, vipindi vya redio, mazungumzo ya kliniki. Siidharau elimu, ila mtu aliyeelewa kila alichoambiwa akitoka nje ya geti anakutana na soda baridi ambayo bei yake inakaribiana na ya maji ya chupa. Ushuru wa bidhaa kwenye soda tunao tayari, lakini hutozwa kwa lita bila kujali sukari iliyomo. Je, kuna ushahidi kwamba kuutoza kwa kiasi cha sukari, kama wanavyofanya Afrika Kusini, kunaleta tofauti yoyote, au tutakuwa tumemwongezea mlalahoi mzigo tu?

Mhasibu wa Durban

Ndugu Afisa Lishe, ninaishi KwaZulu-Natal, jimbo la Afrika Kusini lenye mashamba ya miwa, kwa hiyo mjadala huu nimeusikia kutoka kambi zote mbili. Tozo hiyo ilianza tarehe 1 Aprili 2018. Gramu 4 za kwanza za sukari katika kila mililita 100 hazikutozwa kitu, na kila gramu iliyozidi hapo ilitozwa senti 2.1 za randi. Chukua kola ya kawaida yenye gramu 10.6 hivi katika mililita 100: zinazozidi ni gramu 6.6, kwa hiyo kopo la mililita 330 lilibeba tozo ya takriban senti 46. Kiwanda kikishusha sukari hadi gramu 4, hakilipi hata senti. Ushuru wa lita hauna mlango huo, kwa sababu anayeweka gramu 12 na anayeweka gramu 3 wanalipa sawasawa, na hakuna anayeona faida ya kugusa mchanganyiko wake.

Kwa maoni yangu, jibu la swali lako liko hapo. Wengi hudhani kodi hii inamwinda mnunuzi dukani, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake imefanyika kiwandani, tena kampuni zilianza kupunguza sukari baada ya pendekezo kutangazwa mwaka 2016, kabla ya tozo yenyewe kuanza kukusanywa. Utafiti uliofuatilia manunuzi ya kaya ulionyesha kwamba sukari inayotokana na vinywaji hivyo ilishuka kutoka gramu 16 hivi kwa mtu kwa siku hadi chini ya gramu 11. Katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 uliwakuta asilimia 68 ya wanawake na asilimia 31 ya wanaume wana uzito uliozidi au kiribatumbo, hilo si jambo la kubeza.

Siasa nayo usiisahau. Pendekezo la awali lilikuwa senti 2.29 kwa kila gramu, bila gramu za msamaha, ambalo lingepandisha bei kwa takriban asilimia 20. Viwanda vya soda na wakulima wa miwa wakaja juu wakitaja ajira, na kilichopitishwa kikabaki karibu nusu ya makali yake.

Muuguzi wa Tanga

Kaka, hesabu zako nazikubali, ila naomba tusiipe soda lawama zote. Katika kliniki ya kisukari ninayohudumu, akina mama wengi wa makamo soda wanainywa kwenye harusi na sikukuu tu. Sukari yao iko kwenye chai ya asubuhi na ya jioni, vijiko vitatu au vinne kwa kikombe, pamoja na maandazi, na juu yake wali wa mafuta mengi na chipsi za usiku. Juisi ya miwa na ya ukwaju zinazouzwa barabarani hazipiti kiwandani, kwa hiyo hakuna wa kumbana abadili mchanganyiko. Bei ya sukari ya dukani nayo ni suala ambalo serikali yoyote huligusa kwa woga, na sioni mbunge atakayesimama kuitetea kodi ya namna hiyo.

Kuhusu ajira za miwa, hoja hiyo kwetu ina uzito mdogo kuliko inavyosikika. Viwanda vyetu vya Kilombero na Mtibwa vinajulikana zaidi kwa sukari ya mezani, wakati sukari ya viwandani inayotumika kwenye soda kwa sehemu kubwa imekuwa ikiagizwa kutoka nje. Watakaolalamika zaidi ni wenye viwanda vya vinywaji, si mkulima wa Kilombero.

Mdau wa Takwimu

Dada Muuguzi amesema kweli kuhusu chai, lakini wanaouguzwa leo si kipimo kizuri cha watakaougua kesho, kwa kuwa kijana wa mjini hali wala hanywi kama mama yake.

Naongeza mambo mawili. Kwanza, kodi ya lita si bure kabisa. Meksiko ilianza kutoza peso 1 kwa lita tarehe 1 Januari 2014, na manunuzi ya vinywaji hivyo yakapungua kwa asilimia 5.5 mwaka huo na asilimia 9.7 mwaka uliofuata, huku kaya maskini zikipunguza zaidi ya wengine. Hoja ya mlalahoi kwa hiyo ina pande mbili: ndiye anayeumizwa zaidi na bei, na ndiye anayepunguza zaidi kinywaji ambacho kingempeleka kwenye dawa za maisha.

Pili, tusiahidi miujiza. Uingereza ilitangaza tozo ya ngazi mbili, kuanzia gramu 5 na gramu 8 kwa mililita 100, mwezi Machi 2016, ikaanza kutozwa Aprili 2018. Utafiti wa baadaye ulikuta kiribatumbo kimepungua kwa takriban asilimia 8 miongoni mwa wasichana wa miaka 10 na 11, ukilinganisha na kiwango kilichotarajiwa bila tozo, lakini kwa wavulana haukuona tofauti. Aidha, Afrika Kusini iliiacha nje ya tozo juisi halisi ya matunda, ingawa sukari yake inakaribiana na ya soda, na huo ni mwanya ambao mimi nisingeuiga.

Afisa Lishe

Nashukuru sana. Nitapendekeza msingi wa gramu, na suala la mafuta na chai nitaliwekea sehemu yake, kwa sababu kodi ya soda haiwezi kulibeba. Limebaki swali la utekelezaji: nani atapima sukari katika kila chupa, hasa kwa viwanda vidogo visivyoandika kiasi cha sukari kwenye lebo?

Mhasibu wa Durban

Huku mzigo huo waliuhamishia kwa mzalishaji. Asipoonyesha kiasi cha sukari kwenye lebo kwa kipimo kinachokubalika, sheria inachukulia kuwa kinywaji chake kina gramu 20 katika kila mililita 100, yaani karibu mara mbili ya kola, na anatozwa kwa kiwango hicho.