Familia ya Tandika: vidonge vya Ba'mkubwa

Rehema: Shikamooni wakubwa. Ndiyo natoka kwa Ba'mkubwa. Nimempima presha, 178/104. Nikamwacha akae kimya dakika kumi, mgongo umeegemea, nikarudia: 172/100.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Ya Rabi! Si anatumia dawa huyu?

Rehema: Alikuwa anatumia. Pakti ya amlodipini nimeikuta nyuma ya redio, ina vidonge nane na vumbi juu. Aliacha Ramadhani, hajarudi tena.

Ba'mkubwa: Marahaba Rehema. Mbona mimi sijambo, kichwa hakiumi, usingizi napata. Mara ya mwisho walinipima wakakuta 128, nikajua nimepona.

Rehema: Ba'mkubwa, hiyo 128 ni vidonge ndivyo vilikuwa vinaishikilia. Ukiviacha inapanda tena na wewe husikii kitu. Wengi wanajua siku mshipa wa kichwani umeziba au umepasuka.

Salum: Bibi naye alikuwa hivyo hivyo. Anapepeta mchele, ungo ukamponyoka mkono wa kulia. Tukimsemesha, maneno hayatoki. Tukamlaza apumzike, mpaka alasiri ndiyo tukatafuta gari. Yale masaa yananiuma hadi leo.

Shangazi Mwajuma: Na chai tulimnywesha.

Rehema: Hamkujua shangazi. Sasa tujue wote: mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hata kimoja tu, ni hospitali kubwa hapo hapo. Angalieni saa ilipoanza, daktari ataiuliza. Msimnyweshe kitu, atapaliwa. Wala msimpe aspirini kabla hajapigwa picha ya kichwa, maana kama mshipa umepasuka damu itazidi kuvuja.

Mama Mkubwa: Mimi chumvi nimepunguza jikoni. Ila akipita Kariakoo lazima arudi na papa mkavu.

Rehema: Papa huyo ana chumvi nyingi mno, mama. Ya siku nzima isifike kijiko cha chai kimoja, na humo hesabuni mkate na achari. Halafu Ba'mkubwa, mgongo unautulizia nini?

Ba'mkubwa: Diklofenaki. Asubuhi na jioni.

Rehema: Jamani! Hizo zinapandisha presha na kuumiza figo. Ziache leo, tutamuomba daktari dawa nyingine ya mgongo. Kesho saa mbili asubuhi nakuja na bajaji twende kliniki, beba dawa zote unazotumia. Usiku huu kifua kikibana au pumzi ikikata, nipigie, hatungoji kesho.

Salum: Nauli na hela ya vipimo natuma sasa hivi. Mwisho wa mwezi nanunua mashine ya kupimia, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Ikae hapo nyumbani.

Ba'mkubwa: Nimewasikia wanangu. Saa mbili mtanikuta barazani.

Mama Mkubwa: Rehema, zile diklofenaki kanipa mwenyewe. Nimezifungia kwenye sanduku langu.