Picha za wavuvi wa Amu (Lamu): nizitundike Mkunguni bila kuwaanika wenyewe?

BintiLangoni:
Asalaam aleikum. Napiga picha za wavuvi wetu ambao maeneo yao ya kuvulia, upande wa Ghuba ya Manda, yalichimbwa kupisha bandari ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa serikali wa bandari na barabara. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa haki zao zilivunjwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hesabu hiyo kila mtu anaijua. Wenyewe nani anawajua? Nina picha ya mzee akishona wavu, uzi ameubana kwa kidole gumba cha mguu, kucha imepasuka. Hiyo ndiyo nataka watu waione.

Nataka kuzichapisha kwenye turubai nizitundike Mkunguni, uwanja wa mji ulio mbele ya ngome. Lakini mama mmoja muuza samaki kaniambia: "Maneno yangu yaandike, uso wangu usiuweke." Picha yake ndiyo nzito kuliko zote. Nifanyeje?

KakaMalindi:
Waaleikum salaam dada. Mkunguni ni sawasawa kabisa. Mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake wa maonyesho ya Picha Mtaani walizitembeza picha za ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008 mabarabarani, mpita njia akakutana nazo akienda sokoni. Ukiziweka hotelini zitatazamwa na wageni tu.

MzeeWaShela:
Mwanangu, huyo mama kesha sema. Faragha ni haki yake, Katiba ibara ya 31, na huwezi kutetea haki ya mtu huku unaikanyaga nyingine. Mrudie, umuombe mikono yake na kapu la samaki.

Jambo jingine linanikereketa. Amu hupigwa picha kila siku: tanga, punda, mlango wa nakshi. Wavu wa mzee wako nao utaonekana pambo ukiutundika bure. Lewis Hine, aliyepiga picha za watoto wafanyakazi kule Marekani kuanzia 1908, alikuwa akipima kimo cha mtoto kwa vifungo vya kizibao chake mwenyewe, kisha anaandika umri na kazi. Andika nawe chini ya picha: alivua wapi, alipata nini, sasa anapata nini.

BintiLangoni:
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Nitamwendea leo baada ya alasiri. Maelezo nitayaandika kwa Kiamu, kisha niwasomee kwanza wenyewe.

KakaMalindi:
Na kabla ya kuzituma kwa mchapishaji, zima alama ya mahali (location) kwenye kamera ya simu na ufute alama za mahali zilizokwisha kuhifadhiwa ndani ya picha. Ukificha uso na ramani ikabaki, nyumba yake inajulikana.