Naomba ushauri: mfumo wa majaribio unaosoma vekta kutoka kwenye mafaili, kwa maktaba ya kriptografia

Kobe_wa_C (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Ninaandika maktaba ndogo ya kriptografia kwa lugha ya C: SHA-256, HMAC, HKDF, AES-GCM, ChaCha20-Poly1305 na Ed25519. Inatakiwa ikae kwenye vifaa vidogo vyenye kumbukumbu ya kubana, na pia kwenye seva ya kawaida ya Linux.

Kwa sasa majaribio yamo ndani ya msimbo wenyewe. Kila vekta (ingizo pamoja na jibu linalotarajiwa) ni safu ya baiti, `0x69, 0xc4, 0xe0` na kuendelea, halafu `memcmp` ya kulinganisha chini yake. Faili la majaribio ya AES limeshakuwa refu kuliko AES yenyewe, na anayetaka kuongeza vekta moja lazima ajue C na akompaili upya.

Nataka vekta zihamie kwenye mafaili ya maandishi, programu moja izisome na kuzipima. Muundo niliouchora ni wa `jina = thamani`, na mstari mtupu kati ya vekta na vekta. Kwa kuwa vekta nyingi zinafanana, nimefikiria pia kuweka vigezo (`$ufunguo`), marudio (`rudia 1000`) na masharti ya `kama` humo humo kwenye faili. Mwenzangu mmoja anasema niachane na hayo yote nitumie JSON.

Waliowahi kupita njia hii, naomba mnielekeze kabla sijazama. Nawasilisha.

---

Mtaa_wa_Pili

Mkuu si utumie maktaba iliyopo ya OpenSSL tu ulale? Kriptografia ya kujiandikia mwenyewe ndiyo inayoua watu.

---

Kobe_wa_C

Kifaa kina kilobaiti 64 za RAM, mkuu. OpenSSL haiingii. Na ndiyo maana nauliza habari za majaribio badala ya kuuliza rangi ya nembo.

---

BintiHeksi

Hapo kwenye `rudia` na `kama` ndipo nakusimamisha. Leo unaweka kigezo, mwezi ujao utahitaji kigezo ndani ya kigezo, na mwakani una kijilugha chako ambacho nacho hakina majaribio. Jaribio likifeli hutajua kama kosa ni la AES, la vekta, au la hicho kijilugha.

Faili liwe data tupu. Vekta moja ijitosheleze: mtu akiinakili peke yake na kuibandika kwenye meseji, aliyeipokea aweze kuipima kwa zana nyingine bila kuuliza `$ufunguo` ulikuwa ngapi. Kurudia ufunguo uleule mara mia hakugharimu kitu, diski ni rahisi.

Muundo uliouchora si mgeni. OpenSSL wanao karibu huohuo: programu inaitwa `evp_test`, inasoma mafaili ya maandishi yenye `Cipher =`, `Key =`, `Plaintext =`, `Ciphertext =`, na vekta zinatenganishwa kwa mstari mtupu. Ukitaka kosa lihesabiwe kuwa ndilo jibu sahihi unaandika `Result =` na aina ya kosa. Lilipo hitaji la marudio, anayerudia ni msimbo.

Chukua majaribio ya Monte Carlo ya SHA ya NIST (taasisi ya viwango ya Marekani): unaanza na mbegu, unaheshi (unapitisha kwenye SHA) mara 1000, unaandika tokeo, unaendelea hivyo mpaka upate matokeo 100. Usijaribu kulielezea hilo kwenye faili. Andika kazi moja ya C inayoitwa `sha256-mct`, faili litoe mbegu na matokeo yanayotarajiwa, basi.

---

Mzee_wa_Vekta

Nakazia alichosema BintiHeksi, halafu niongeze la mafaili ya NIST, kwa sababu najua ndiko utakakokimbilia kwanza.

Ukifungua `SHA256ShortMsg.rsp`, vekta ya kwanza kabisa ni hii:

```
Len = 0
Msg = 00
MD = e3b0c44298fc1c149afbf4c8996fb92427ae41e4649b934ca495991b7852b855
```

Macho yanaona baiti moja ya sifuri. Siyo. `Len` ni sifuri, kwa hiyo ujumbe ni mtupu, na hiyo `00` imewekwa kujaza nafasi. Programu yako ikitoa `6e340b9c…` basi umeheshi baiti moja ya `00`, na SHA yako haina tatizo lolote; tatizo ni msomaji wa faili. Pia `Len` inahesabiwa kwa biti, si kwa baiti. Kuna seti mbili za mafaili, moja ya ujumbe wa biti na nyingine ya ujumbe wa baiti. Ukipakua ya biti utakutana na urefu usiogawanyika kwa 8, utahangaika usiku kucha.

Mtego wa pili uko kwenye mafaili ya kufungua GCM. Vekta nzuri ina mstari wa `PT =` (maandishi yaliyofunguliwa). Vekta ambayo tagi yake (alama ya kuthibitisha kwamba data haijaguswa) ni mbovu haina huo mstari, mahali pake pameandikwa neno moja tu: `FAIL`. Hakuna alama ya usawa. Sasa fikiria msomaji aliyeandikwa kwamba mstari usio na `=` anauruka kimyakimya. Vekta zote za kukataa zinageuka kuwa vekta zisizo na matarajio, na kama mfumo wako hauna matarajio ya kulinganisha, unasema SAWA. Yaani sehemu muhimu kuliko zote ya GCM haijapimwa, na ripoti ni ya kijani.

Kwa hiyo usisome mafaili ya NIST moja kwa moja kwenye mfumo. Andika skripti ndogo ya Python inayoyageuza kuwa muundo wako, mara moja, na uhifadhi yale yaliyogeuzwa pamoja na maelezo ya yalikotoka.

---

Fundi_Bafa

Hiyo stori ya `FAIL` ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mfumo wa majaribio unaosoma mafaili una ugonjwa mmoja ambao majaribio ya ndani ya msimbo hayana: unaweza kufaulu bila kupima kitu. Faili halikupatikana, vekta sifuri, zote zimefaulu. Umeandika `tgai` badala ya `tagi`, mfumo haulitambui jina hilo, unaliacha, unaendelea.

BoringSSL, tawi la OpenSSL la Google, wamelibana hili vizuri. Msomaji wao wa mafaili anaweka kumbukumbu ya kila jina lililomo kwenye vekta, na kama msimbo wa jaribio umemaliza bila kulisoma mojawapo, jaribio linafeli. Igeni hapo. Mimi naongeza haya: jina linalojirudia ndani ya vekta moja ni kosa, heksi yenye idadi witiri ya herufi ni kosa, faili lisilo na vekta ni kosa. Na thamani tupu iandikwe waziwazi kama `""`, ili "hakuna AAD" (data ya ziada inayothibitishwa bila kufichwa) isichanganywe na "nimesahau AAD".

Likifeli lolote, chapisha jina la faili, namba ya mstari, na baiti ya kwanza iliyotofautiana. Kuchapisha "jaribio la 412 limefeli" ni kumtesa mwenzako.

---

nyota_ya_pwani

Naweka kambi hapa, uzi una madini.

---

DadaWaUsalama

Wote mmeongelea zaidi vekta za "ingiza hiki, toa kile". Maktaba inayotoa majibu sahihi kwa data nzuri ni nusu tu ya kazi. Nenda kachukue Wycheproof, mkusanyo wa vekta za majaribio. Ilitolewa na Google mwaka 2016, sasa iko chini ya mradi wa jamii wa C2SP, na imejaa vekta za kihuni: sahihi za kidijitali zenye sifuri, nonsi (namba za kutumika mara moja) za urefu usiokubalika, tagi zilizogeuzwa biti moja, pointi zisizo kwenye mkunjo.

Mfano ulio wazi ni Java. Toleo la 15 msimbo wa ECDSA (mfumo wa sahihi za kidijitali) uliandikwa upya, na ukaguzi kwamba r na s, namba mbili zinazounda sahihi, si sifuri ukapotea. Sahihi yenye r = 0 na s = 0 ikawa inakubalika kwa ujumbe wowote na ufunguo wowote. Udhaifu huo umesajiliwa kama CVE-2022-21449, ukarekebishwa Aprili 2022, toleo la 18 likiwa limeshatoka. Vekta za namna hiyo zilikuwemo Wycheproof tangu zamani. Hakuna kiasi cha vekta njema ambacho kingeliona hilo.

Kila vekta ya Wycheproof ina tokeo: `valid`, `invalid` au `acceptable`. Hilo la tatu linahitaji uamuzi wako. Usiuachie mfumo ulichukue kama "vyovyote sawa". Amua maktaba yako inakubali au inakataa, uandike kwenye faili, ili siku tabia ikibadilika ujue.

---

Jirani_wa_Linux

Naomba kumuunga mkono kidogo yule mwenzako wa JSON. Wycheproof yenyewe ni JSON. Kila lugha ina msomaji wake tayari, kwa hiyo kesho ukiandika daraja la Python au Go, vekta zilezile zinatumika bila kuandika msomaji mwingine.

---

BintiHeksi

Kwenye Python na Go sawa. Huyu yuko kwenye C, na JSON haina sehemu ya komenti. Mimi nataka juu ya kila kundi mstari unaosema vekta imetoka hati gani ya viwango, mfano RFC 8439 au RFC 5869.

---

Jirani_wa_Linux

Unaweka sehemu ya `maelezo` kama Wycheproof walivyoweka `comment`. Hatutakubaliana, tuendelee 😄

---

Fundi_Bafa

Kuna jambo mwanzisha uzi amelitaja na hakuna aliyeligusa: kifaa kidogo. Pale hakuna mafaili. Programu ya majaribio itafungua nini?

Angalia Mbed TLS, maktaba ya vifaa vidogo. Wana `.function` yenye msimbo wa C na `.data` yenye vekta, halafu skripti ya Python inazalisha faili la C linalokompailiwa pamoja na faili la data la `.datax`; wewe unaweza kwenda hatua moja mbele na kuzitia vekta ndani ya C yenyewe. Katika `.data`, mstari wa kwanza ni maelezo, unaweza kufuatwa na `depends_on:` inayosema jaribio linahitaji sehemu gani ya maktaba iwe imewashwa, kisha jina la kazi na thamani zikitenganishwa na nukta mbili. Hiyo `depends_on` utaihitaji wewe pia, maana kuna siku utajenga maktaba bila Ed25519 ili ienee. Ila ripoti itaje zilizorukwa kwa idadi, zisijumlishwe na zilizofaulu.

Na yale marudio uliyotaka kuweka kwenye faili yana kazi kwenye mfumo. Chukua vekta moja ya SHA-256, ipe kazi ujumbe wote kwa mkupuo, kisha baiti moja moja, kisha kutoka kwenye anwani ya kumbukumbu isiyo ya mpangilio. Kwa AES-GCM ongeza bafa ya kuingia na kutoka ikiwa ileile. Hakikisha una ujumbe wa baiti 55, 56, 63, 64 na 65, kwa sababu baada ya 55 ujazo wa mwisho hauenei tena kwenye bloku moja, na hapo ndipo wengi huteleza.

---

Kobe_wa_C

Nawashukuru sana wadau. `rudia` na `kama` nimezifuta. Nabaki na maandishi, msomaji mkali, skripti ya kugeuza kuwa C kwa ajili ya kifaa, na skripti nyingine ya kuleta NIST na Wycheproof. Vekta itakuwa hivi:

```
# GCM ya McGrew na Viega, kisa cha 1, baiti ya mwisho ya tagi imebadilishwa
kazi = aes-gcm-fungua
ufunguo = 00000000000000000000000000000000
nonsi = 000000000000000000000000
aad = ""
simbo = ""
tagi = 58e2fccefa7e3061367f1d57a4e7455b
tokeo = kataa
```

Kuna kitu nimeacha?

---

DadaWaUsalama

Kimoja. GCM ikikataa, haitakiwi kumwachia mpigaji maandishi yaliyofunguliwa. Kwa hiyo kwenye `kataa` mfumo ujaze bafa ya kutoka kwa alama inayojulikana kabla ya kuita kazi, kisha uangalie kama kuna maandishi yaliyovuja. Vekta yako hii haina maandishi kabisa, haiwezi kupima hilo. Tumia kisa cha 4: maandishi ni baiti 60, AAD ni baiti 20, tagi inaanza na `5bc94fbc`. Na kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 16, unapima na bloku pungufu humo humo.

---

Mzee_wa_Vekta

Na kwenye `.gitattributes` zuia ugeuzaji wa mwisho wa mistari kwa mafaili ya vekta. Wa Windows akivuta mradi, `\r` itakaa mwishoni mwa kila heksi na msomaji wako mkali atakataa faili zima.

---

Kobe_wa_C

Imeshawekwa mkuu. Kisa cha 4 nakiandika sasa hivi.