Kundi la Majirani Kirumba, Mwanza: dina ya tuzo ni lini?

ALHAMISI

Katibu Mama Mapacha, 06:48
Mwangaluka majirani. Narudia kwa ambao hamkusoma jana. Dina yetu ya tuzo mwaka huu ni Jumamosi tarehe 12 Desemba, saa moja jioni, ukumbi ule ule. Mchango 20,000 kwa kichwa, meza nzima ya watu nane 150,000. Majina ya mnaowapendekeza yanifikie kabla ya kesho jioni: mfanyabiashara, kijana, mama, usalama, na mtu wa jamii. Mwenye ukumbi anataka advansi nusu wiki hii, la sivyo anawapa watu wa sendofu.

Katibu Mama Mapacha, 09:15
Naona tiki za bluu tu. Hata asubuhi njema hakuna?

Dereva Hiace, 09:40
👍

Katibu Mama Mapacha, 09:41
Kaka hiyo dole gumba hailipi ukumbi. Nani unampendekeza?

Dereva Hiace, 10:22
Kijana wa boda wa kona ya mawe. Mnajua kule juu gari halipandi, mama akishikwa uchungu saa nane za usiku yeye ndo anaitwa, anashuka naye mpaka hospitali ya Sekou Toure, na pikipiki ikishindwa kwenye yale mawe anaita wenzake wanambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka barabarani. Mke wangu alishushwa hivyo hivyo mwezi wa tatu na mvua inanyesha. Mpaka leo nikimuuliza bei anasema utanipa ukipata

Fundi Redio, 10:25
huyo huyo mbona mimi ananidai buku mbili kila nikipanda 😂

Dereva Hiace, 10:26
Wewe huna mimba

Mama Chapati, 10:26
🤣🤣🤣

Fundi Redio, 10:28
kwa hiki kitambi usiku hawezi kujua

Mama Chapati, 10:29
Jirani acha jamani nimeunguza chapati

Katibu Mama Mapacha, 10:35
Tumecheka, sasa turudi. Nimeandika kijana wa boda. Wengine?

Katibu Mama Mapacha, 12:02
Naomba niseme hili moja halafu ninyamaze. Mtaa huu tunajua kusifu watu, lakini tunawasifu msibani. Mtu akishalala kwenye jeneza ndo tunasomewa wasifu, alisomesha watoto wa wenzake, alitoa kiwanja cha njia, alikuwa anakopesha unga bila kuandika daftari, na sisi tumekaa pale tunafuta machozi tunaulizana kumbe ni yeye? Mimi nataka mtu aitwe mbele akiwa anasikia, watoto wake wakiwa wamekaa hapo wanaona. Ndo maana nawasumbua na sitaacha kuwasumbua.

Mwenyekiti wa Mtaa, 12:40
Sawa katibu

Tajiri wa Mitumbwi, 13:05
Katibu nimetoka kulala sasa hivi ndo nasoma. Hiyo tarehe 12 nani aliichagua? Hiyo ni giza

Katibu Mama Mapacha, 13:06
Giza la nini? Ukumbi una jenereta

Tajiri wa Mitumbwi, 13:14
Giza la mwezi mama. Tarehe 12 mwezi unakuwa ndo kwanza umeandama, siku tatu tu, kajitu kembamba kanazama mapema. Dagaa anafuata taa, giza likiwepo ndo kazi, mbalamwezi ikiwaka taa yako haina maana tunapandisha mitumbwi tunashona nyavu. Kwa hiyo tarehe 12 mimi na vijana wangu wote tuko ziwani, na wale kina mama wa kuanika wanalala mapema maana alfajiri wanapokea mzigo. Mtaita jina la mtu wa soko la Mwaloni atajibu nani? Fanyeni tarehe 26, mwezi umejaa, wote tuko nchi kavu tumeoga

Mama Chapati, 13:20
Tarehe 26 mimi niko Ukerewe kwa mama. Krismasi nani anabaki mjini

Dereva Hiace, 13:22
Na mimi Sengerema

Fundi Redio, 13:24
wewe wa Sengerema huna kisingizio, siku hizi kuna daraja. kilometa 3 tu pale Kigongo Busisi hata kwa miguu unavuka unakuja kula pilau unarudi

Dereva Hiace, 13:25
Busisi mpaka kwetu utanibeba wewe?

Fundi Redio, 13:25
kuna kijana wa boda anabeba bure ukiwa na mimba

Mama Chapati, 13:26
😭😭😭

Katibu Mama Mapacha, 13:31
Tajiri umesema kitu cha maana sana. Nusu ya tunaotaka kuwaheshimu ni watu wa Mwaloni. Naomba kila mtu aandike 12 au 26. Tarakimu tu, msiandike hadithi.

Mwenye Hardware, 14:10
12

Mama Chapati, 14:12
12

Tajiri wa Mitumbwi, 14:12
26

Fundi Redio, 14:15
pilau ikiwepo zote

Katibu Mama Mapacha, 17:50
Kundi lina watu wengi, wamepiga kura watatu na mmoja anataka pilau. Jamani.

Mama Dagaa, 19:30
Habari za jioni. Nimesoma yote, mchana nilikuwa nageuza dagaa simu iko kwenye ndoo. Kuhusu tarehe chagueni mnayoona inafaa mimi sitakuja. Mwaka jana jina langu liliandikwa kwenye karatasi ya ratiba, namba mbili, mfanyabiashara wa mwaka, binti yangu karatasi anayo mpaka leo ameiweka kwenye Biblia. Nikashona kitenge. Nikamwachia mtu magunia yangu manne nikaja nikakaa. Ilipofika namba mbili emsii akaita jina la mtu mwingine. Mezani kwetu wote wakanyamaza ghafla, wananiangalia, na mimi nikapiga makofi. Hakuna aliyekuja kuniambia neno, si usiku ule, si kesho yake, na tunachota maji bomba moja.

Katibu Mama Mapacha, 19:34
Ujumbe huu umefutwa

Katibu Mama Mapacha, 19:37
Dada yangu. Mwaka jana sikuwa kwenye kamati, nilikuwa meza ya nyuma na niliona ulivyopiga makofi. Sikulala. Ukatibu nimeuomba kwa ajili ya usiku ule.

Fundi Redio, 19:38
ila ile keki ya mwaka jana nayo sijui ilikatwa na nani mimi sikuionja

Dereva Hiace, 19:38
Fundi nyamaza

Shangazi Mwaloni, 19:52
Mimi huwa siandiki humu lakini leo acha niandike. Nyie mnamuona huyu mama anapita na beseni hamjui alichofanya. Sisi wote tulikuwa tunaanika mchangani, mvua za vuli zikija usiku unakuta mzigo umelowa, umechanganyika mchanga, unanuka, na mtaji ni wa mkopo. Dagaa wa hivyo hali mtu, mnunuzi anakuja anakwambia hii chakula cha kuku na bei anapanga yeye. Huyu ndo alianza chanja kwetu, miti ya kuokota na wavu mkuukuu, ameinua juu hewa inapita chini, mvua ikitisha anafunika na turubai, dagaa wake wanakauka weupe hawana hata punje ya mchanga. Angeweza kukaa kimya akauza peke yake. Alituita mmoja mmoja akatuonyesha namna ya kufunga wavu usilegee katikati, maana ukilegea maji yanatuama na dagaa wanaoza pale pale. Mimi nimesomesha mtoto kwa ile chanja. Halafu tuzo apewe aliyelipia muziki

Katibu Mama Mapacha, 19:53
Shangazi asante kwa kuandika.

Mwenye Hardware, 20:05
Naona nimetajwa bila kutajwa. Sikuomba ngao mimi, niliitwa nikaenda kama mtu yeyote angeenda. Muziki wa mwaka huu laki mbili nimeshamtumia mweka hazina tangu Jumatatu, na ngao sitaki, mpeni mnayemtaka

Shangazi Mwaloni, 20:07
Hela yake irudishwe

Mwenyekiti wa Mtaa, 20:09
Tusifike huko

Tajiri wa Mitumbwi, 20:09
Irudishwe kwa nini, muziki utapigwa na nani? Ngao na muziki ni vitu viwili

Shangazi Mwaloni, 20:10
Mwaka jana vilikuwa kimoja

Mzee Baharia, 20:26
Nawasalimu wote. Naandikiwa na mjukuu, macho hayanisaidii. Mimi nimefanya kazi kwenye meli za ziwa hili tangu ujana wangu. Mei 21, 1996 ilipozama MV Bukoba ikitoka Bukoba kuja huku, wengi wenu mlikuwa watoto na wengine hamjazaliwa. Majeneza hayakutosha mji huu. Yule seremala wa nyuma ya msikiti aliacha vitanda vya watu alivyokuwa ameshalipwa, akachonga majeneza usiku na mchana, mbao zake, misumari yake, sisi tunamshikia karabai, mke wake anatuletea uji. Mengine yalikwenda Igoma kwenye yale makaburi. Hakulipwa na hakudai. Mnapita mlangoni kwake kila siku mnamwita mzee wa stuli. Nimekuja dina zenu zote, nawekwa kiti cha mbele na soda, jina lake sijalisikia hata mara moja. Mwaka huu aitwe wa kwanza. Wa pili mama wa dagaa, na amwite yule yule aliyeliruka jina lake. Anayetoa hela ya muziki tumshukuru kwa muziki, yaishe. Ikiwa vingine, kiti changu mpeni mtu mwingine.

Tajiri wa Mitumbwi, 21:12
Tumekusikia mzee

Mama Chapati, 21:15
Shikamoo babu. Wabeja sana

Mwenyekiti wa Mtaa, 21:20
Mzee ameshasema.

Fundi Redio, 21:48
zile stuli mbili za dukani kwangu kazitengeneza yeye. sikujua kabisa. shikamoo mzee wangu

IJUMAA

Katibu Mama Mapacha, 06:10
Mwangaluka. Kwa neno la mzee, namba moja na namba mbili zimeshajazwa, hapo hakuna mjadala. Emsii wa mwaka jana nitamfuata mwenyewe leo. Namba yake iko kwa nani?

Katibu Mama Mapacha, 08:30
Nani yuko karibu na familia ya seremala? Tusije tukampeleka mtu mzima ukumbini kwa kumshtukiza.

Mjukuu wa Seremala, 11:47
Samahani nilikuwa darasani. Nilimsomea babu jana usiku ule ujumbe, akauliza tu nani amewaambia, halafu akaniambia soma tena. Atakuja. Ila saa moja jioni hawezi, miguu inavimba na saa mbili ameshalala. Kama mtafanya mchana atakuja

Katibu Mama Mapacha, 11:49
Mchana basi. Nampigia mwenye ukumbi.

Katibu Mama Mapacha, 12:20
Tarehe 12 mchana ukumbi una semina mpaka saa kumi na moja. Tarehe 26 mchana uko wazi ila bei ya sikukuu, ameongeza laki na nusu.

Mama Chapati, 12:24
Mi 26 sipo jamani nilishasema. Na nani atapika?

Tajiri wa Mitumbwi, 12:30
Ukumbi wa nini, fanyeni uwanjani pale kwa seremala mwenyewe. Kuna mwembe. Sato naleta mimi

Katibu Mama Mapacha, 12:33
Tajiri, hilo nalipenda. Mama Dagaa uko hapo? Dada?

Katibu Mama Mapacha, 15:05
Ameona, hajajibu. Nitapita Mwaloni jioni nikaongee naye ana kwa ana. Kikao Jumapili saa kumi kwa Mwenyekiti, tuamue tarehe na ile laki mbili. Hela za mchango tumeni, mpaka sasa wametoa watatu.

Fundi Viti, 15:40
Katibu kabla hamjaamua. Tarehe 26 viti vyangu vimechukuliwa na harusi Buswelu, vimebaki vile 40 vya bluu na turubai moja dogo

Katibu Mama Mapacha, 15:41
Niandikie hivyo 40. Na tarehe 12 usimpe mtu pia.

Fundi Viti, 15:43
Siku zote mbili? Bila advansi?

Katibu Mama Mapacha, 15:43
Siku zote mbili.

Fundi Viti, 15:50
Kwa heshima ya mzee nashikilia mpaka Jumapili jioni. Jumatatu nampa mwenye hela