Naomba ushauri: meza yangu ya kwanza kwenye tamasha la komiki Nairobi

Habari zenu wasanii wenzangu. Mimi ni mchoraji wa Kondele, Kisumu. Nimelipia nusu ya meza, na kitabu changu ni cha kurasa 24, saizi ya A5, kilichobanwa kwa pini. Kinamhusu binti mvuvi wa Dunga. Nichapishe nakala ngapi? Mwenye duka la kuchapisha ananisukuma nichukue 200 ili bei ishuke, lakini nikifikiria kilomita 350 hivi za basi na boksi mapajani, nasita. Mwaka jana, kwenye maonyesho ya hapa mjini, niliuza vitabu 6 tu. Stika za samaki aina ya mbuta ziliisha kabla ya saa sita! Lipa na M-Pesa ninayo. Mliowahi kuuza huko, watu hununua vitabu kweli ama wanapiga picha tu wakipita?