Tupeane uzoefu: programu ilipolisoma neno lako vingine

Mwenye mada
Assalaam alaykum wanajamvi. Leo tupeane ya hizi programu zinazosoma tangazo lako zenyewe, kisha zikaamua liwekwe kundi gani. Naanza mimi.

Wiki moja kabla ya Idd el-Hajj nilitangaza mbuzi za kukunia nazi anazochonga baba hapa Amani. Niliandika kwa mkato: "Mbuzi, bei nafuu, nipigie." Picha sikuweka. Programu ikalitupa kwenye mifugo, mimi sina habari. Jioni akapiga mzee mmoja.

"Mwanangu, meno yametimia?"
"Yametimia mzee, makali hasa."
"Miguu haina kasoro?"
"Yote minne imara."
"Bei?"
"Elfu kumi na tano."
Akanyamaza. Kisha akasema pole pole: "Niwekee mbili, usimpe mtu."

Asubuhi yuko mlangoni, katoka Mkokotoni kwa daladala, kamba mkononi na majani chini ya kwapa. Baba akamtolea mbuzi mbili zimekunjwa, ndimi za chuma zinang'ara. Mzee akazitazama, akaitazama kamba yake. Tuliona haya sana, maana udh-hiya, mnyama wa kuchinjwa Idd, si jambo la mchezo. Baba akamtilia chai, akamrudishia nauli, mchana akampeleka kwa mfugaji Mwera. Alipoondoka alichukua na mbuzi moja ya nazi, ya mkewe.

Mchuuzi wa Kojani
Sisi Pemba ni papa. Ndugu yangu ana nyumba ya wageni Wete, akaandika chakula cha siku: "Papa mkavu kwa nazi." Mgeni wa Kitaliano akaipitisha simu yake itafsiri, ikamwambia ni Baba Mtakatifu, aliyekaushwa. Na kwao neno ni hilo hilo, papa! Kaja jikoni na simu mkononi, uso umemwiva. Tukamtolea kipande chenyewe na chumvi yake, akanusa, akacheka mpaka akakaa chini.

Mpishi wa Bububu
Niliweka video ya mchuzi wa taa, yule samaki bapa. Wiki nzima matangazo chini yake ni taa za sola tu.

Fundi wa simu, Darajani
Upande wa sauti ni hivyo hivyo. YouTube wana mtambo wa kulinganisha tangu 2007: rikodi yako inapimwa na rikodi walizosajili wenye haki, ikifanana, video inafungwa au mapato yanakwenda kwao. Mwaka 2012 NASA walitua Mars na chombo chao cha Curiosity, wakaweka video yao wenyewe, ikaondolewa kwa sababu kampuni moja ya habari ilidai kuwa ndiyo mwenyewe. Ikarudishwa baadaye.

Mjukuu wa Makunduchi
Hilo lilinipata. Nilimrikodi bibi akisuka ukili na kutusimulia Mwaka Kogwa wa utoto wake, redio ya jirani inapiga taarabu. Nilipoipandisha, sauti yote ikazimwa: midomo ya bibi inakwenda, kimya. Nashukuru ya simuni sikuifuta, kwani bibi keshatangulia. Tafadhali, ya kwenye simu msiifute.

Mwenye mada
Mungu amrehemu bibi. Ushauri huo naufuata leo hii.

Na tangazo nimelirekebisha jana: "Kibao cha kukunia nazi." Picha nimeweka. Sasa liko kwenye mbao za ujenzi, na kuna mtu ameniuliza futi ngapi.